Mbiu ya Mgambo Ndani ya Ngozi

Juma hili nataka kumjibu mama mmoja wa upande wa Kenyamonta, nchi ya Wangoreme, wilaya ya Serengeti. Aliniuliza baada ya Misa, kando ya ukuta wa kigango, kwa sauti ndogo, maana hakutaka wengine wasikie. Nilimwomba ruhusa nijibu hapa gazetini bila kumtaja jina, naye akakubali. Najua nyumba nyingine zina swali lilo hilo.

Mama huyu ana watoto watatu. Wa kwanza na wa pili ni weusi kama baba yao. Wa tatu, binti wa mwaka mmoja na nusu, alizaliwa na ngozi nyeupe na nywele za manjano kama majani makavu. Ni mtoto mwenye ualbino. Wakati wa kupalilia ulezi, mama alimfunga mgongoni akaenda naye shamba pamoja na kaka zake. Walirudi jioni. Usiku ule mtoto hakulala. Kesho yake uso, shingo na mikono vilikuwa vyekundu, na siku iliyofuata yakatoka malengelenge. Kaka zake waliocheza pale pale shambani hawakupata hata alama.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona jua ni moja? Mama mkwe asema jua linamkataa mtoto kwa sababu kuna neno nililolifanya. Na wazee wa nyumba wameanza kutaja ng'ombe wa mahari."

Haya ni maswali mawili. La ng'ombe nitalijibu mwisho. Kwanza tuseme juu ya jua na ngozi, maana majibu yote mawili yamo humo.

Mionzi tusiyoiona

Jua hutuletea vitu vitatu pamoja. Kwanza ni nuru tunayoiona kwa macho. Pili ni joto tunalolisikia mwilini. Tatu ni mionzi ambayo hatuioni wala hatuisikii. Wataalamu huiita mionzi ya urujuanimno. Hii ya tatu ndiyo iliyomchoma binti. Kwa kuwa haina joto, mtu hudanganyika. Siku ya mawingu mepesi, au ya upepo wa baridi, hujiona salama, kumbe mionzi yaendelea kushuka.

Sisi wa Mara twaipata kwa wingi. Kenyamonta iko chini ya nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Tena tuko juu, zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa ya kuizuia mionzi ipunguavyo.

Kitabu ndani ya chembe

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Wanafunzi huziita seli. Karibu kila chembe ina kiini, na ndani ya kiini umekunjwa uzi mwembamba ajabu wa vinasaba. Ukiunyosha uzi wa chembe moja, wafika kama meta 2. Juu yake imeandikwa habari ya mwili wote kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, G na C. Herufi hizo ni kama bilioni 3, tena kitabu chote kimeandikwa mara mbili: nakala moja kutoka kwa baba, na nakala moja kutoka kwa mama. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Sehemu ya kitabu inayoieleza chembe namna ya kutengeneza protini fulani huitwa jeni. Mtu ana jeni za namna hiyo kama 20,000. Chembe ya jicho na chembe ya ngozi zina kitabu kile kile, lakini kila moja hufungua kurasa zake na kuziacha nyingine zimefungwa. Likitokea jambo, kurasa nyingine hufunguliwa kwa haraka. Hapo ndipo penye ajabu ya somo letu la leo.

Mionzi ya urujuanimno ikiingia ndani ya chembe hugandisha herufi mbili zilizo jirani, hasa T na T, kama kurasa mbili zilizomwagikiwa uji. Uzi hujipinda mahali hapo. Chembe ikijaribu kuunakili uzi uliopindika, yaweza kuandika herufi isiyo yake, na kosa hilo likarithiwa na chembe zote zitakazotoka kwake.

Yowe la kwanza

Watu wa Mara twajua yowe linavyokwenda. Ng'ombe wakiibwa usiku, mwenye boma hawafuati wezi peke yake. Hupiga yowe, jirani akisikia hupiga lake, na boma la tatu nalo hupokea. Kabla wezi hawajafika mbali, vijana wa kijiji cha mbele wamekwisha kushika pinde na kuziba vivuko vya mto. Aliyeziba kivuko hakumwona mwizi, bali habari imemfikia.

Chembe ya ngozi hufanya vivyo hivyo. Juu ya utando wake wa nje ipo mipokezi, kama masikio yaliyotegwa, ambayo kazi yake ya kila siku ni kungoja habari kutoka kwa chembe nyingine. Mionzi ikiipiga chembe, masikio hayo huamka ijapokuwa hakuna aliyeleta habari. Kila protini iliyoamka huibandika jirani yake alama ndogo ya fosfeti, na jirani huyo huamka akambandika mwingine. Mmoja wa wapokezaji hao wa yowe huitwa JNK. Ndani ya dakika chache tu habari imefika kwenye kiini, nayo protini iitwayo c-Jun imewekewa alama. Hiyo huungana na mwenzake, c-Fos, na hao wawili hukaa juu ya uzi wa vinasaba na kufungua jeni zilizokuwa zimefungwa.

Wekundu wa ngozi na maumivu ya usiku, kwa sehemu kubwa, hutoka kwa jeni zinazofunguliwa na mayowe ya namna hii. Damu huitwa ije mahali palipoumia. Lakini kuna jeni nyingine zinazofunguliwa pamoja nazo, nazo hutengeneza protini za kukata nyuzi zinazoikaza ngozi. Mara moja moja si neno. Kila siku kwa miaka mingi, ngozi hulegea na kukunjamana kabla ya uzee wenyewe.

Yowe la pili

Yowe la pili hupigwa ndani ya kiini chenyewe, pale penye uzi uliopindika. Yuko mlinzi huko aitwaye p53, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979. Siku za amani chembe humtengeneza na kumvunja upesi, hivyo daima ni wachache. Uzi ukionekana umeharibika, kuvunjwa huko husimamishwa, nao p53 huongezeka haraka na kufungua jeni zao.

Wana amri tatu. Ya kwanza: chembe isimame, isizae mpaka uzi umetengenezwa. Ya pili: mafundi wafanye kazi. Ya tatu: ikiwa uharibifu umezidi na hautengenezeki, chembe hiyo ife kwa faida ya nyingine. Ngozi inayochunika siku chache baada ya kuunguzwa na jua ina chembe nyingi za namna hiyo, zilizokufa zisije zikazaa makosa.

Ule ufundi wa pili ni wa ajabu. Mafundi hukata kipande cha herufi kama 30 penye uharibifu, hukitupa, kisha huandika kipande kipya kwa kuufuata upande wa pili wa uzi ambao haukuharibika. Mmoja wa waliochunguza kazi hiyo ni Aziz Sancar, ambaye mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na wenzake wawili, Tomas Lindahl na Paul Modrich. Sancar alizaliwa mwaka 1946 huko Savur, Uturuki, mtoto wa saba kati ya wanane, na wazazi wake wakulima hawakujua kusoma. Nawatajia hayo wazazi wenye watoto wengi na karo ya shida.

Kofia ya chembe

Sasa twafika kwenye jambo linalomhusu binti yetu. Mwaka 2007 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba p53 wana kazi nyingine tena. Katika chembe za juu za ngozi hufungua jeni moja inayotoa ujumbe wa kwenda nje, kwa jirani. Jirani huyo ni chembe ya rangi, iliyokaa chini kidogo katika ngozi. Chembe ya rangi ikipokea ujumbe hufungua nayo jeni zake, ikaanza kupika rangi nyeusi iitwayo melanini. Rangi hiyo hutiwa katika vifuko vidogo, na vifuko hukabidhiwa chembe za juu. Huko hupangwa juu ya kiini kama kofia, upande ule jua linakotoka.

Tazameni mpango huo. Chembe iliyoumia haijitetei peke yake tu. Humwambia jirani, naye jirani huishonea kofia. Sisi weusi tunazaliwa na kofia hizo tayari, na jua likizidi zaongezwa. Ndiyo sababu wale kaka wawili walirudi kutoka shambani bila alama.

Je, kwa binti yule yowe lilinyamaza? Hapana. Kila kitu nilichokieleza kilifanyika ndani ya ngozi yake. Masikio yaliamka, wapokezaji walikimbia, p53 waliongezeka, mafundi walikata na kuandika. Ujumbe ulifika hata kwa chembe ya rangi, maana chembe hizo anazo kama watu wote. Zilisikia, zikafungua jeni zao. Lakini kofia haikushonwa kwa sababu kuna chombo kimoja kilichopungua jikoni.

Chombo hicho kwa kawaida, katika nchi yetu, ni protini ya jeni iitwayo OCA2. Hukaa katika vile vifuko vya rangi na kurekebisha uchachu uliomo, ili melanini iweze kuiva. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 juu ya Watanzania wenye ualbino ulionyesha kwamba wengi wao wamepungukiwa kipande kile kile cha jeni hiyo, chenye herufi kama 2,700. Kipande hicho hicho kimeonekana kupungua kwa watu wenye ualbino wa Afrika Kusini na nchi nyingine za Afrika. Hiyo ni dalili kwamba kosa hilo la uandishi ni la zamani sana, limesafiri pamoja na mababu zetu walipotawanyika.

Neno juu ya ng'ombe wa mahari

Sasa nawajibu wazee. Nilisema kitabu kimeandikwa mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Mwenye nakala moja yenye upungufu na moja nzima haonyeshi dalili yoyote. Nakala nzima yatosha kupika rangi. Ualbino wa namna hii huonekana pale tu mtoto anapopata nakala pungufu kutoka pande zote mbili. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne kuwa hivyo.

Kwa hiyo hakuna neno mama alilolifanya. Hata kula, wala kutembea usiku, wala kutazama kitu fulani wakati wa mimba hakuondoi herufi katika kitabu. Na kama ng'ombe wataka kurudishwa kwa sababu ya nakala iliyotoka kwa mama, basi na wa upande wa pili wahesabiwe vilevile, kwani nusu ya jambo imetoka bomani kwa baba. Hukadiriwa kwamba hapa Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 huzaliwa na ualbino. Ukipiga hesabu kutoka hapo, wapata kwamba kama mtu mmoja katika 20 anaibeba nakala ile bila kujua. Kigango chenye watu 200 Dominika kina kama kumi. Pengine ni wewe usomaye. Pengine ni mama mkwe mwenyewe.

Wazazi wawe kofia

Mama, jibu lako la kwanza ni hili: jua ni moja, na yowe ni moja, lakini mtoto huyu hana kofia ndani. Hapana budi avalishwe nje. Ni kazi ya maisha na ya kila siku, maana uharibifu ukizidi nguvu za mafundi, makosa hubaki katika uzi. Siku moja kosa hugonga jeni ya p53 yenyewe. Mlinzi akiuawa, chembe huzaa bila kusimamishwa, na huo ndio mwanzo wa saratani ya ngozi. Madaktari waliochunguza watu 350 wenye ualbino huko Dar es Salaam, wakaandika mwaka 1985, waliona ngozi imeanza kuharibika tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Wengi hupata saratani wakingali vijana. Kwa hiyo usingoje mtoto akue.

Fanya hivi.

Kwanza, kuanzia saa nne asubuhi hata saa kumi alasiri asikae juani. Kama huna saa, tazama kivuli: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, ni wakati wa kumtoa juani. Kwenda shamba iwe alfajiri, au abaki nyumbani na bibi chini ya mti wenye majani mengi.

Pili, nguo. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, ifunike masikio na shingo. Kofia ya mbele tu haitoshi. Mikono mirefu, na sketi au suruali ifikayo vifundoni. Inua nguo uitazame kuelekea kwenye nuru: ukiona nuru yapita, mionzi nayo yapita. Ukimbeba mgongoni, kichwa, miguu na mikono vifunikwe pia.

Tatu, mafuta ya kuzuia mionzi. Yapo yaliyotengenezwa hapa kwetu kwa ajili ya watu wenye ualbino, yaitwayo Kilisun, ambayo yalianza kutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi hospitalini KCMC, katika miaka ya 2010. Uliza hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino. Hupakwa kabla ya kutoka, na tena kila baada ya saa mbili. Lakini hayachukui nafasi ya kofia na mikono mirefu. Mafuta ya kupikia na ya mgando hayazuii kitu.

Nne, kila Jumamosi ukimwogesha mkague, hasa uso, masikio, midomo, shingo na mikono. Kidonda au kigaga kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali. Usikitie dawa za kubahatisha. Saratani hii ikiwahiwa ingali ndogo huondolewa kwa kukatwa, na mtu akapona. Kwa mambo makubwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, inayomilikiwa na maaskofu wetu, ina madaktari wa saratani na matibabu ya mionzi.

Tano, shule. Watoto hawa huona kwa shida, kwa sababu melanini ina kazi hata katika ujenzi wa jicho. Akili zao hazina upungufu wowote. Walimu wawaketishe mbele, wawaruhusu kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare ni fupi, wala wasiwapeleke shamba la shule mchana. Na mvulana mwenye ualbino asipewe kazi ya kuchunga ng'ombe kutwa. Kazi za kivulini ni nyingi.

Wote twakumbuka uovu ulioikumba kanda yetu ya ziwa katika miaka ya 2000, watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa sababu ya uganga. Kulinda usalama wao ni wajibu wa kijiji kizima. Lakini jua nalo huua, tena polepole, bila yowe la kusikika kwa masikio, na wengi wamekufa vijana kwa kukosa kofia ya shilingi chache. Wala tusiendelee kuwaita zeruzeru. Tuwaite kwa majina waliyobatizwa.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ndani ya ngozi ya mtoto huyu imelia kila siku aliyokwenda shamba. Kila chembe imefanya wajibu wake, na jirani ameitikia, ila hakuwa na uzi wa kushonea. Uzi huo tunao sisi.

Mama, mpe baba watoto gazeti hili asome. Kama hana miwani, katekista amsomee, na mama mkwe akae karibu asikie. Kisha siku ya gulio, kabla ya kununua chumvi na sabuni, anunue kofia. Naomba Dominika ijayo nimwone binti kigangoni ameivaa, naye ameshikwa mkono na baba yake.